Mstari wa Chaki

Malipo ya pili ya korosho yalipoingia
sikununua bati, sikununua godoro.
Nilishuka Masasi na Probox yangu,
nyeupe, vumbi la salfa hadi kwenye mikanda,
nikamwambia fundi Mkwinda: nifungie zenoni.

Taa za zamani zilikuwa zimechoka.
Njano ya chai ya matanga,
majani machache, watu wengi.
Usiku, nikipanda Newala,
shimo nililiona likiwa tayari chini ya tairi.

Mkwinda alifungua boneti, akafyonza.
"Kioo hiki kilitengenezewa balbu ya uzi.
Hii yako haina uzi. Ina gesi na hasira."
Nikasema, funga.
Akafunga: balasti mbili, kila moja kama kipande cha sabuni ya mche,
rilei, fyuzi, waya mwekundu, waya mweusi.
Balbu kuukuu akazizungushia gazeti.
"Weka. Usitupe."
Nikazisukumia chini ya kiti, pamoja na jeki.

Zilipowashwa zilisita kwanza, zambarau,
kama mtu anayetafuta jina la mtu,
halafu zikamwagika.
Ukuta wa gereji ukawa shuka la hospitali.
Kuku wawili wakashuka juu ya tairi bovu
wakaanza kuchakura. Kumekucha.

Wiki ile lami ilikuwa yangu.
Mikorosho niliihesabu jani kwa jani.
Pale ukingoni mwa Shimo la Mungu
nilielekeza pua ya gari bondeni, makusudi;
mwanga ukaenda,
ukaenda,
haukurudi na kitu.

Wenzangu barabarani walinipigia taa.
Mara moja. Mara mbili.
Wengine waliziacha zikiwaka mpaka tukapishana.
Nami nikawarudishia, zile kubwa.
"Hao hawakusalimu," alisema Somoe.
Nikamjibu ni wivu tu.
Akavuta mtandio, akatazama dirishani.

Alhamisi nilikwenda Newala juu ya lori la magunia,
gari likabaki Kitangari.
Magharibi simu ikazima, lori likaharibika,
nikaazima baiskeli isiyo na dinamo,
tochi nimeing'ata menoni.

Kwanza niliona miti ikitoka gizani
yote kwa pamoja, kama imeitwa.
Kisha sikuona miti.
Sikuona barabara, wala usukani, wala mikono yangu,
palikuwa peupe tu, peupe penye kelele,
nikaenda nako huko kusiko na upande
mpaka mtaro ukanipokea kwa goti.

Nikiwa chini, mdomo umejaa mchanga,
nikasikia bomba la moshi likipita,
na ile nati iliyolegea, ti-ti-ti,
ambayo kila siku nasema nitaikaza kesho.

Hospitalini nilimkuta Ausi, shemeji yangu,
amekaa kwenye benchi na funguo zangu.
Mama yao alikuwa na dripu, analala.
Malaria, kesho angeweza kurudi.
"Shemeji," akasema Ausi, "zile taa ni moto!
Kutoka Kitangari mpaka hapa
sijaona mtu njiani."
Somoe alitazama goti langu.
Hakusema neno. Alilowesha leso, akalifuta.

Kwa hiyo Jumamosi usiku, nyuma ya ghala la chama,
tulifungua gazeti la Mkwinda.
Nilisogeza gari nyuma, hatua kumi kutoka ukutani.
Somoe alishika chaki.
"Shusha," nikasema; au yeye alisema;
bisibisi ikazunguka robo,
ile njano ikateremka pole pole
mpaka ikakaa chini ya mstari wake,
duara mbili, moja imepinda kidogo.
Tuliiacha hivyo.

Asubuhi wakulima walisimama mbele ya ule ukuta
wameshika viuno.
Mmoja akaniuliza,
"Hii mistari, ndiyo bei mpya?
Mbona imeshuka?"