Mlango Katika Wimbo wa Nne

Flashi kaileta Nyemo, mwanangu, kutoka Dar,
kaifunga ndani ya soksi isiingie vumbi.
Nyimbo kumi na nane za Lameki Senyagwa,
tangu siku alipoikacha bendi
hadi mwaka juzi, alipotoa ule wa harusi
ambao sisi wa Majengo hatuutaji mbele za watu.

Nilikuwa napiga pindo sare za wanafunzi wa Kizota.
Nikasimamisha cherehani.
Fundi akisimamisha cherehani Januari
mjue kuna jambo.

Wakaja. Sikuwaita, harufu ya ubishi iliwaita:
Ndahani wa vipuri vya baiskeli,
Mughwai na kikombe chake cha kahawa,
mama Mbeho na sinia la karanga za Mpwapwa.
Spika haijakohoa, Ndahani kashasema:
"Peke yake hakuwahi kuwa kitu.
Toa tarumbeta tatu, toa Chilewa kwenye besi,
kinachobaki ni mtu anayejiimbia bafuni."

"Bafuni!" Mama Mbeho akatua sinia.
"Bendi ilimpa nini? Beti mbili,
halafu gitaa robo saa,
yeye kasimama pembeni kama msimamizi wa ndoa
aliyesahauliwa kwenye picha."

Mughwai hakuwa na habari ya bendi.
Alikuwa anapitisha kidole kwenye orodha.
"Wa reli uko wapi?
Wa harusi wameuweka, wa reli wameuacha.
Aliyechagua amewahi kulala stesheni ya Manyoni
akisubiri behewa la Singida?"

"Labda kachagua mwenyewe," nikasema.

"Basi naye hazijui nyimbo zake."

Neno hilo likabaki mezani
kati ya mkasi na chaki,
hakuna aliyeligusa.

Ndipo wa nne ukaingia.
Gitaa linaanza peke yake,
kama mtu anayetafuta funguo mfukoni gizani.
Kwenye kaseti, mwisho wa ubeti wa pili, kuna mlango.
Mtu aliufungua wakiwa wanarekodi, bawaba zikalia,
Senyagwa akanyamaza, nusu pumzi hivi,
kisha akaendelea
kana kwamba aliyeingia ndiye aliyekuwa akiimbiwa.

Miaka mingapi tumemzulia majina mgeni huyo!
Mkewe wa kwanza, anasema mama Mbeho.
Mwenye nyumba, anasema Ndahani, kaja kudai kodi.
Mimi nilikuwa na mimba ya Nyemo
na baba yake kashapanda basi.
Sikuuliza ni nani.
Nilipenda tu kwamba kuna mtu alirudi.

Tukangoja.
Ubeti wa kwanza. Wa pili.
Gitaa likapita safi kama sakafu ya benki.
Hakuna mlango.
Wameufuta. Ile nusu pumzi ipo bado,
lakini sasa ananyamaza bure.

"Mama, ilikuwa kelele tu," Nyemo akasema,
"siku hizi kuna mashine za kuziondoa."
Hakuna aliyemjibu. Mama Mbeho alikuwa anamenya karanga
na kuzirudisha kwenye sinia la kuuzia.

Ndahani akainuka. Ndahani huyuhuyu wa tarumbeta tatu.
"Rudisha."
Akashika mlango wangu wa bati,
ambao haujaonja grisi tangu Nanenane,
akainamisha sikio.
Ubeti wa pili ukaisha. Akavuta.

"Umechelewa," akasema Mughwai.
"Rudisha."
Mara ya pili akawahi mno.
Mara ya tatu, kwiiii, papo hapo,
na upepo wa Dodoma ukaingia na mzigo wake,
ukamwagia sare nyeupe, karanga, kahawa, sote.
Senyagwa akavuta pumzi, akaendelea.

Ubishi haukuisha, msinielewe vibaya.
Hadi leo Ndahani anasema peke yake hakuwa kitu.
Sare nilizifua usiku, kwa sabuni yangu.
Na jana nimenunua grisi,
kaiona, kaiweka mfukoni mwake,
kaondoka nayo.