Milango Kumi na Mmoja

Hoteli ilipovunjwa walianza na paa,
kisha vioo, kisha masinki.
Milango waliitupa nyuma, penye mivinje,
kifudifudi, kama watu waliochoka kungoja mshahara.

Nikanunua kumi na mmoja.
Shee Athmani alitaka elfu nane; nikampa tano na jogoo.
Mkokoteni wa Kitsao ukaja Maweni safari tatu,
gurudumu likilalama njia nzima.

Mbambakofi, mizito, na nambari za shaba zingalipo:
mia na tatu, mia na tisa, mia mbili na kumi.
Mama alipouona wa mia na saba
aliweka ndoo chini.
"Wewe nakujua," akasema,
si kuniambia mimi, kuuambia mlango.

Miaka kumi na tisa aliugonga kwa kifundo cha kidole,
mara mbili, akangoja, mara moja tena,
mashuka yamelala mkononi.
Na akishaingia auache wazi, autilie jiwe,
wapitao waone mikono yake inafanya nini.
Ndiyo sheria iliyobandikwa jikoni.

Wiki mbili nilikwangua vanishi.
Msasa ulikula ncha za vidole,
vumbi likanifuata hadi kwenye uji.
Chini kabisa, makovu ya masanduku ya wageni.
Kando ya kitasa, weusi wa viganja,
viganja vya nani na nani, sijui.
Huo sikuugusa. Nikasema utakuwa tope.

Maana nilichotaka kuchora ni Sabaki
pale inapokoma, mvua za bara zikishateremka,
bahari ikageuka chai ya maziwa
na mto haujui tena uitwe mto mpaka wapi.
Nilikwenda na makopo, nikachota tope lenyewe,
nikalichuja kwa kanga iliyochakaa,
nikalikoroga na gundi ya mkanju.
Lilipokauka likapasuka. Nikalikwangua lote.
Mara ya pili likapasuka kidogo tu,
nami nikaacha: hata ukingo wa mto hupasuka.

Milango tuliisimamisha ukutani kwa Bi Fumo,
hatua kumi na mbili kutoka matete hadi mawimbi.
Akanung'unika kwamba kivuli kinamwozea mbata,
kisha akaleta kiti, akakaa, akanielekeza:
kulasitara hasimami hivyo, mwanangu,
shingo irudishe ndani, ana baridi huyo.
Nikairudisha. Kweli, alikuwa na baridi.

Heroe walinishinda. Sikuwa na waridi la kuwatosha,
na duka la Ngala kopo moja ni kodi ya nusu mwezi.
Kitsao akarudi kwenye kifusi
akaja na debe lililoota kutu mdomoni.
Mama akachungulia, akacheka mpaka akashika kiuno:
"Hii ni ya mabafu ya ghorofani!"
Basi mia mbili wakasimama majini
kwa rangi ambayo mama aliisugua kila asubuhi.

Kitsao akasema, tundu la ufunguo
lifanye jicho la ndege, watu watapenda.
Nikakataa. Tundu ni tundu.
Usiku upepo hupita humo na kupiga mluzi,
na kwa hilo mimi sina brashi.

Siku ya kuipigilia pamoja, misumari mdomoni,
mama akaja akasimama mbele ya mia na saba.
Mlango ule umebeba katikati ya mto,
maji matupu, hakuna ndege wala tete.
Akagonga. Mara mbili. Akangoja.
Sote tukangoja, hata Bi Fumo.
Mara moja tena.
"Huu usiupigilie," akasema. "Utie bawaba."

Sasa Sabaki yangu ina pengo la upana wa mtu.
Ukiusukuma mto, unaona ua wa jirani,
mbata juani, ndoo, kuku anayechakura.
Na chini, kwenye tope nililolichora,
jiwe la kweli, alilolichagua mwenyewe,
ili usijifunge.