Matundu Manane

Injini ya zamani ilipasuka bloku mwezi wa Februari,
joto la Tacuarembó likichemka hadi kwenye rejeta,
na Nibia akaliacha gari la marehemu baba yake
chini ya mabati, taa zake zimeota utando wa vumbi.

Juni, upepo wa kusini ukikata masikio,
akaja Elbio, mtoto wa nyumba ile nyingine,
ile ya Rivera, isiyotajwa mezani miaka thelathini.
Walikuwa wamekutana mara moja tu, kaburini,
wakapeana mikono kama watu wanaorudishiana chenji.
Nyuma ya pikapu yake, injini ndani ya blanketi,
iliyong'olewa kwenye gari la mikate lililoliwa na kutu.
Kufa kufaana.

Kuingia, iliingia. Shida ilianzia nyuma,
pale injini inapotakiwa kusemezana na giaboksi.

Sikiliza, maana hapa ndipo wengi huchoma pesa.
Lile gurudumu zito mkiani mwa krankshafti,
mafundi huliita flaiwili:
la zamani lina matundu sita,
na krankshafti ya mgeni inadai bolti nane.
La mgeni lina manane kamili,
lakini ni pana, linasugua ganda la giaboksi,
na meno yake hayajuani na stata.
Pleti ya klachi nayo ina mabwana wawili:
uso wake hubanwa na flaiwili,
kitovu chake huvaa shafti ya giaboksi,
mfereji kwa mfereji, kama chanda na pete.
Ukimridhisha huyu, umekosana na yule;
ukijitia kuwaridhisha wote, unateleza mlimani.

Elbio alinyamaza hapo.
Wote wawili walimjua mtu wa namna hiyo.

Wakapima. Wakapima hadi kalipa ikapata joto la kiganja.
Wakapokezana kibuyu cha mate
(usicheke, msomaji, ndivyo wanavyoliita jani lao chungu),
mrija mmoja, midomo miwili,
na bado hawakuitana ndugu.

Siku ya tatu, akitafuta bati la kukinga oili,
Nibia alivuta gunia la sufu chini ya benchi.
Likamlemea mkono.
Ndani, flaiwili ndogo, imepakwa grisi
kama kichanga aliyetoka kuoshwa.
Matundu sita yamezibwa kwa chuma,
na kando yake, mapya.
Akayahesabu kwa kidole. Akarudia.
Saba.
La nane lilikuwa nukta ya patasi tu,
na duara la chaki kulizunguka.

"Alikuja kuiona hii injini," Elbio akasema.
"Mwaka juzi. Aliipima nyuma, akaandika kiganjani.
Nilimuuliza ni ya nini.
Akaniuliza kama mbwa wangu anauma."

Nibia akachomeka drili.
Elbio akashika chuma kwa mikono miwili, uso kaugeuza,
na vinyweleo vya chuma vikajisokota sakafuni,
vyeupe, vya moto.
Kisha kwa Olivera mchongaji, naye akalizungusha,
akalikwangua gramu tisa upande mmoja:
lisipolingana, alisema, litaitikisa nyumba nzima.
Akawatazama wawili wale, akaona aibu, akadai malipo.

Pleti waliiweka katikati kwa mpini wa ufagio
ulionyolewa kwa kisu cha jikoni.
Bolti walizikaza kwa kuvukishana, hii, halafu ya mkabala,
Elbio akihesabu, Nibia akivuta,
na kwenye ya nane hakuna aliyehesabu.

Gari liliwaka mara ya tano.
Klachi inashika juu mno, mguu karibu uachie pedali,
na gia ya pili inalia kama fisi mwenye njaa.

"Wiki ijayo," Elbio akasema,
akaingia kwenye pikapu yake, akaenda Rivera,
akaziacha spana zake zote kwenye benchi.