Vyungu Arobaini na Kimoja

Redio ya Mwakanyamale inasema tangu alfajiri:
kimbunga kimevuka Msumbiji, kinapanda na ziwa.
Wamekipa jina, jina zuri la mtoto wa kike.
Sisi hapa Ikombe tulilicheka kidogo,
kisha tukaacha.

Mwenyekiti wa kitongoji anapita na kipaza sauti
kisicho na betri. Amekishika vilevile mdomoni,
anapiga kelele kwa koo lake:
Mitumbwi juu! Mbuzi juu!
Wazee wawe shuleni kabla ya saa kumi!

Bati la jirani limelaliwa na mawe
mpaka nyumba imefanana na kaburi la mtu mkubwa.
Kakao iliyokuwa uani imerudi guniani nusu mbichi,
imepewa kitanda; wenyewe watalala chini.
Kwa Gwantwa mwenye sola
simu kumi na saba zinagombea jua la mwisho.

Na ziwa?
Ziwa limetulia
kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Mama mkwe wangu Subilaga yuko nyuma ya nyumba.
Vyungu vyake arobaini na kimoja havijaonja moto.
Vimesuguliwa kwa kokoto la mtoni hadi vinang'aa,
vimepakwa ngeu shingoni,
Jumamosi vilikuwa viende mnadani Matema,
virudi vikiwa sare na madaftari ya Lusekelo,
na chumvi, na deni la dukani.

Nikasema: tuvichome sasa hivi.
Akatazama kuni. Akalowesha kidole, akakiinua hewani.
"Moto wa haraka hupasua."

Nikasema: basi tuvibebe.
Akahesabu mikono: yake, yangu,
na ya mtoto mwenye homa.
Hakujibu.

Akaingia katikati yao, akainama,
akainua kimoja kama anayekipima kwa mnunuzi,
akakibonyeza.
Hakikulia. Kilimeguka tu
kama ugali wa jana.

"Usiduwae. Lete maji."

Tukamwaga maji katika shimo la udongo, tukavunja.
Kwenye cha tisa nililia.
Kwenye cha ishirini na kitu nilikuwa nimezoea,
na hilo lilinitia aibu kuliko machozi.
Yeye alivunja kwa adabu, mdomo kwanza, kisha tumbo,
kama mtu anayekunja kanga zake mwenyewe
baada ya msiba wa wengine.

"Mvua ikija na hasira zake," alisema,
"ikute udongo. Udongo hauna pa kuvunjikia."
Mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwikoni.
Sikumtazama usoni. Hakutaka.

Tukafunika shimo kwa majani ya mgomba,
turubai, mawe, na mlango wa banda la kuku;
kuku wenyewe wakashangaa, hawana tena wa kuwafungia.

Kimoja alikiacha.
Si kizuri. Kimelemea kushoto, mdomo wake unanung'unika.
Nilikifinyanga mimi, wiki iliyopita, nikijifunza,
na alikuwa amekitazama bila kusema neno.
Ndani akatia vitambulisho, kadi ya kliniki,
kiberiti ndani ya nailoni, hati ya shamba la mpunga.
Akakiziba kwa kifuniko cha sufuria.

Njia ya shuleni inapanda.
Milima ya Livingstone ilikuwa imeshapoteza vichwa.
Huko chini, ng'ambo ya mawe, upepo uligeuka ghafla
na mitumbwi ikaanza kugongana kwenye kamba zake
kama watu waliofungiwa chumbani.

Tone la kwanza liliangukia mkono wangu, zito, la moto.
Subilaga akafungua kilemba,
akakifunika chungu, akakifunga fundo mbili,
akaendelea kupanda, mvi zake wazi.

Darasa la tatu lilikuwa limejaa mikeka na vikohozi.
Akakiweka kwenye kona, chini ya ramani,
akaniangalia nilivyotaka kukaa.

"Taratibu," akasema. "Hicho bado kibichi.
Usikiegemee."