Mrututu

Bibi aliuhifadhi kwenye kopo la kahawa, Keko,
akaniwekea punje kwenye kidonda cha goti.
Niliruka. Nikaichukia buluu ile miaka mingi.

Leo naupasha moto mbele ya kidato cha sita,
Chang'ombe, umeme umekatika, taa ya spiriti inatosha.
Unapauka. Unabaki unga mweupe kama wa muhogo:
maji yametoka, yametoka na rangi.
"Kwa hiyo shaba haina buluu yake?" Mwanaharusi anauliza.
Ina nusu, namjibu. Nusu ni ya anayeishikilia.

Shaba ndani ya maji, tuseme, ni ndimu hii.
Maji ni vipande vya karoti.
Vinne navichomeka mraba, kwa vijiti vya meno vifupi,
kila kimoja kimekuja na jozi ya elektroni;
hapa hapakaribishwi mgeni mikono mitupu.
Viwili, juu na chini, navipa vijiti virefu.

"Mwalimu, umekosea. Havilingani."
Sikukosea. Vitanda kumi, walalaji tisa,
na nyumba nzima imepinda kwa kitanda kimoja kitupu.
Ndivyo kaka yangu alivyohamia Kigamboni:
bado ni wetu, ila kwa kijiti kirefu.

Kisha amonia; pua zote dirishani.
Wingu kwanza, halafu buluu nzito, ya usiku.
Wanne wapya wamekaa, maji yamepisha.

Umeme uliporudi niliitazama ndimu.
Karoti mbili hazipo, mtu anatafuna.
Zile za mbali. Nilijua.
Hizo ndizo huchomoka bila kelele.