Lehemu

Mawe tisa, rangi ya nta iliyozeeka,
yamo kwenye chupa ya jemu juu ya benchi la baba,
kati ya koleo na mkebe wa asidi.
Daktari wa Temuco aliyatoa Julai,
mvua ikipiga mabati wiki ya tatu mfululizo,
akamkabidhi kama mtu anayerudisha chenji:
"Don Ceferino, hii ni lehemu. Umeificha miaka mingi."

Baba akacheka hadi mshono ukamuuma.
Miaka arobaini ameziba rejeta za malori ya mbao
yashukayo kutoka Lonquimay yakifoka mvuke,
na leo anaambiwa lehemu ilikuwa tumboni.

Akarudi nyumbani na hasira ya mwongofu.
Akafukuza mayai. Akafukuza mafuta ya nguruwe
na maandazi ya maboga, chakula cha siku za mvua.
"Nataka itoke yote," akasema. "Hata chembe isibaki."

Mimi hupima damu za watu kwa mshahara.
Nikavuta stuli, nikamuuliza:
Baba, rejeta bila lehemu ni nini?
"Chekecheke," akasema.

Basi sikiliza.
Kila seli yako ina ukuta
mwembamba kuliko utando wa maziwa yaliyopoa,
na lehemu imejipenyeza humo, bega kwa bega na mafuta,
joto likija ukuta usilegee,
baridi ikija usikakamae.
Ini huipika wewe ukikoroma,
hata ushinde kutwa ukitafuna majani kama sungura.
Jua la Januari likikugusa shingo,
ni binamu yake ngozini anayegeuka
kuwa vitamini ya mifupa yako.
Ndevu hizo ni zake.
Na mimi, miezi tisa tumboni mwa mama,
nilishikiliwa nisidondoke
na homoni iliyochongwa kutoka humo humo.

Akanyamaza. Akazungusha waya wa lehemu kidoleni.
"Lakini fundi mwenye pupa," akasema taratibu,
"huimwaga ikaingia ndani ya mrija.
Nje panang'aa. Ndani maji hayapiti."

Hapo alinipita.
Nilikuwa nimeandaa mchoro wa mshipa, na kalamu nyekundu.
Nikaukunja, nikautia mfukoni.

"Na kichwani je?"
Kichwani ndiko imejaa, nikamwambia,
karibu robo ya lehemu yote ya mwili,
imeviringishwa kwenye nyaya za fahamu
ili habari isivuje njiani.

Akatazama picha ya mama juu ya jiko la kuni,
mama aliyetuacha miaka sita, kofia ya sufi, jicho moja limefumba jua.
"Kwa hiyo Erminda yuko humo."
Akainua kidonge, cheupe, kidogo kuliko punje ya ngano.
"Na hiki kinataka kumyeyusha."

Sikucheka.
Nikamweleza kwamba ubongo hujipikia wenyewe,
haukopi kwenye damu,
kwamba kidonge kinakwenda kubisha hodi kwenye ini,
kumwambia mpishi apunguze moto.
"Una hakika?"
Nina hakika ya mtu aliyesoma, baba,
si ya mtu aliyeingia akaona.

Akapima jibu hilo muda mrefu.
Kisha akakimeza, bila maji.

Asubuhi jirani, Bi Zunilda, alileta birika linalovuja.
Baba akasugua tundu, akapaka asidi, akawasha moto.
Tone moja likashuka, likatambaa, likatulia
mahali pake hasa.
La pili lilikuwa limeshaiva ncha ya waya.
Akalitazama.
Akaurudisha waya mkebeni.

Saa sita nilimkuta jikoni na yai moja la kuchemsha,
amelikata katikati kwa uzi.
Nusu ya kiini alikula akiwa amefumba macho.
Nusu nyingine alimpa paka,
akisema paka naye ana kuta.