Fimbo ya Kusikilizia

Saa nane usiku. Braddish, Ohio, imelala.
Delbert Prusak ananikabidhi fimbo ya mwaloni,
ncha kwenye lami, kikombe sikioni.
"Shika pumzi," anasema. "Bomba lina haya."

Nashika pumzi. Mimi, mweka hazina wa mji,
mwanamke wa tarakimu na jozi mbili za miwani,
nimepiga magoti katikati ya Mtaa wa Nne
kama anayesali mahali kanisa lilipobomolewa.

Kwanza nasikia moyo wangu tu.
Kisha jokofu la duka la Petrakis.
Kisha, chini kabisa,
chini ya lami iliyomwagwa juu ya lami
iliyomwagwa juu ya matofali,
sauti: sssss,
kama mtu anayembembeleza mtoto
asiyelala tangu mwaka juzi.

"Ndiye huyo," anasema Delbert,
na kuchora msalaba wa chaki ya buluu.

Bomba hili lilizikwa mwaka ambao babu yake
alishuka hapa kwenye treni, koti moja, hana kofia,
kinu cha chuma kikililia mikono
na mji ukijipimia kiu ya watu elfu thelathini.
Tumebaki elfu saba.
Bomba halina habari. Urefu wake ni uleule.
Kila mmoja wetu anabeba begani
kipande chake, na vya watatu waliohama.

Theluthi ya maji tunayoyasafisha hayamfikii mtu.
Nayaandika kwenye safu iitwayo "upotevu":
neno kavu, halijawahi kulowa.

Novemba tuliomba nyongeza.
Dola tatu na senti arobaini kwa mwezi.
Bi Corinne Haddix alisimama ukumbini na bili yake,
karatasi ikitetemeka kuliko sauti,
akasema: "Mnaniuzia kitu nisichoweza kukiona."
Jibu nilikuwa nalo, ukurasa wa kumi na mbili, lenye mchoro.
Mdomoni halikuja.
Tulishindwa kwa kura sitini na moja.
Sijui yake ilikwenda wapi. Sijauliza.

Makao makuu ya jimbo yalitutumia fomu,
kurasa tisini na nne:
tuthibitishe kwanza kwamba tuna uwezo wa kulipa
ndipo watusaidie kwa kuwa hatuna.

Basi tunafunga vibano.
Mkanda wa chuma, boliti nne, matope hadi kiunoni.
Wahenga walisema ufa uzibwe; tuliuziba.
Ukahama.
Ukafunguka nyumba tatu mbele, mkabala na shule,
asubuhi ya barafu, watoto wakiteleza kwa furaha
juu ya bajeti yangu ya miezi minne.

Machi, Delbert anastaafu.
Koki kuu za mji huu hazimo kwenye ramani yoyote.
Zimo kichwani mwake, na sasa nyuma ya kalenda
ya gereji, kwa penseli:
*hatua kumi na moja kutoka mti wa Lindqvist.*
Mti wa Lindqvist ulianguka mwaka wa themanini na tano.
"Najua ulipokuwa," anasema, kana kwamba hilo linatosha.

Niliomba fedha za kijana mmoja afuatane naye,
ajifunze kupiga magoti. Baraza lilikataa.
Nimemwingiza kwenye vitabu vyangu hata hivyo,
chini ya "kalamu na karatasi".
Anaitwa Tremaine. Anaanza Jumatatu.
Mkaguzi akija, nitamwambia mji huu unaandika sana.

"Umesikia vya kutosha?" anauliza Delbert.
Magoti yanauma. Nataka kusema ndiyo.
Ghorofa ya pili, ng'ambo ya barabara, taa inawaka.
Mtu fulani ana kiu, anafungua mfereji,
na chini ya goti langu sauti inabadilika,
inasita,
inageuka,
inaanza kumpandia.